Mbegu Kifuani mwa Ngeleka

"Saratani yenu hii hapa," daktari alisema, akakisukuma kichupa juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha chakula kibichi.

Mpelelezi Séraphin Mukalay alikichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani, katika maji ya dawa, kulikuwa na punje nyeusi ya mviringo, ndogo kuliko njegere. Hakuitambua. Alikuwa amekuja hospitali ya mgodi kuchukua kitu kingine kabisa: karatasi yenye saini, inayosema kwamba mfungwa Ngeleka ana saratani ya pafu na siku zake zimekwisha. Substitut, yule mwendesha mashtaka Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wake, alimwagiza asubuhi ile bila hata kuinua macho. Lete karatasi, mtu afe na saratani yake, faili lifungwe.

Sababu ilijulikana. Ngeleka alikuwa Mkasai, na Kabongo, ambaye Ngeleka alishtakiwa kumuua, alikuwa Mkatanga. Mwaka ule wa 1958 watu wa Kolwezi walikuwa wakitazamana kama majogoo wawili katika tenga moja, na kesi ya kunyonga ingewasha kila mtaa. Saratani ingeifanya kazi hiyo kimyakimya, tena bila gharama ya kamba.

"Unaniambia hakuna saratani?" Mukalay aliuliza.

Daktari Simone alikuwa mgeni, ametoka Élisabethville na bomba lake la chuma, lile linaloingizwa kooni mpaka kwenye njia za pumzi, lenye taa ndogo mbele. Hakuupenda mji, hakumpenda mpelelezi, wala hakujisumbua kuficha.

"Daktari wa hapa aliona doa kwenye picha ya kifua," alisema kwa Kifaransa cha haraka. "Mtu anakohoa damu, amekonda. Akaandika saratani. Hata mimi ningeandika. Nikaingiza bomba upande wa kulia, nikakuta nyama imejaa njiani, nyekundu, ukiigusa inatoka damu. Nikasema, basi, ndiyo yenyewe. Kisha bomba likagonga kitu. Ti! Saratani haigongi, monsieur. Saratani ni nyama."

"Na ile nyama uliyoiona?"

"Nilikata kipande kikapelekwa kwenye darubini, na jibu limefika. Ni nyama iliyochokozwa, basi. Hicho kitu kimeichokoza miezi mingi, na pafu nyuma yake likasinyaa. Ndilo doa mlilofurahia."

"Mimi sikufurahia."

"Basi mkubwa wako. Siandiki karatasi yake."

Mukalay alikitikisa kichupa kidogo. Punje iligonga kioo. "Kitu kama hiki kinafikaje huko?"

"Kiko kinywani au karibu na kinywa, mtu anavuta pumzi kwa nguvu, kinaingia. Watoto huvuta karanga. Watu wazima huvuta jino, kifungo, msumari wa fundi viatu. Anakohoa mpaka machozi yamtoke, kisha kinatulia, naye anasahau."

"Na hii ni mbegu ya nini?"

"Mimi ni daktari, si mtunza bustani. Na mwambie mkubwa wako amtoe yule mtu mnyororo mguuni. Atapona, mkimwacha apone."

Mukalay alitia kichupa mfukoni, akatoka.

Kwenye baraza, nje ya chumba cha wafungwa, mwanamke aliyekaa chini juu ya kitenge aliinua uso, akamwona, akatema mate pembeni mwa kiatu chake. Alikuwa Mbelu, mke wa Ngeleka. Kando yake palikuwa na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Unakuya kuangaria kama amekufa?"

"Nakuya kumuuliza maneno, Mama Mbelu."

"Usiniite mama. Utaniita mama siku utamufungua bwana yangu." Hakupandisha sauti. "Na umuulize mbio. Lelo mangaribi banatufukuza mu nyumba. Banasema nyumba ya kampuni haiko ya muke wa muuaji. Ule Kisimba wa magasin alikuya asubui na kufuli mupya, akaionyesha ku batoto yangu, akacheka."

Mukalay alimjua Kisimba. Nani pale Musonoi, kwenye mgodi, asiyemjua? Mtunza ghala la mgodi, refa wa mpira wa Jumapili, na kaka mkubwa wa marehemu Kabongo. Tangu ndugu yake afe, hakupita mahali bila kuuliza Mkasai atanyongwa lini.

"Mutakwenda wapi?"

"Unauliza kama nani?" Mbelu alisema, akamgeuzia mgongo.

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Mukalay mwenyewe alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, na machoni pa Mbelu polisi wa Katanga na mawe ya Katanga vilitoka machimbo mamoja. Mpelelezi aliumia, akajiambia kwamba hakuumia, akaingia ndani.

Ngeleka alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umefungwa kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa boutefeu, mtu wa kuwasha baruti katika shimo kubwa la Musonoi. Si ile baruti kubwa inayotangazwa kwa king'ora; yake ilikuwa ndogo, ya kuvunja majabali yaliyobaki chini ya ukuta wa shimo. Kwa hiyo ndogo onyo lilikuwa filimbi tu. Shtaka lilisema kwamba siku ile hakupiga filimbi, akawasha makusudi, na Kabongo, aliyegombana naye baa juu ya uchaguzi na kuambiwa mbele za watu "utaona", akaona kweli.

"Sema tena ile siku," Mukalay alisema.

"Nilisemaka. Muliandikaka. Nilipiga firimbi mara mbili."

"Benzako bote banasema hawakusikia firimbi ya baruti."

"Benzangu!" Ngeleka alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Safari hii hapakuwa na damu kwenye kitambaa, na yeye mwenyewe alikitazama kwa mshangao. "Tata Polisi, kama unatafuta niseme niliua, rudi ku bureau. Nakufa, lakini sitakufa na bongo, na uongo, mu kinywa."

"Anza na mara ya kwanza. Firimbi ilikuwa mu kinywa. Kisha?"

"Nikavuta pumuzi, nguvu yote. Vumbi ikaniingia mu koo. Nikakohoa mpaka machozi. Kisha nikapiga. Nikapiga tena."

"Ililia?"

"Ililia."

"Ililia namna gani? Kwa kutetemeka?"

Ngeleka aliligusa sikio lake. Alikuwa mtu wa makamo, na huzuni iliyompita usoni ilikuwa ya aibu kuliko ya woga.

"Mi niko boutefeu kutoka ujana," alisema mwishowe. "Masikio yangu baruti ilikulaka. Nasikia kama kitu kinalia. Namna kinalia, hapana. Sikuambiaka mutu. Boutefeu kiziwi, kesho banamupa pelle achote udongo."

"Ukajuaje kama bamesikia?"

"Niliona batu banatoka mu barabara. Nikasema, sawa, bamesikia. Nikawasha."

Mukalay alivuta kiti, akakaa. Hilo la kutoka barabarani lilikuwa jipya kwake. "Ulitoa punje ya mu firimbi, ile inatetemesha sauti?"

"Juu ya nini? Firimbi bila punje ni ya malori! Kila mutu mu carrière anajua. Ya baruti inatetemeka, batu banakimbia mbali. Ya malori inalia laini, batu banaenda kusimama ku ukuta, lori ipite."

"Na firimbi yenyewe ulipata wapi?"

"Ya zamani punje yake iliisha. Nikairudisha ku magasin. Kisimba akanipa mupya."

"Mupya?"

"Alisema mupya. Ilikuwa inangaa."

Mukalay alisimama. Alitaka kumwambia juu ya punje nyeusi, juu ya darubini, kwamba hafi. Lakini ukimpa shahidi habari kabla hujamaliza kumuuliza, ushahidi wake umekwisha kuwa wako. Alifunga mdomo, akaenda zake, na kichupa kikamgonga pajani kila hatua, ka, ka, ka.

Mlio ule ndio uliomkumbusha. Misheni kwao, kwaya ya watoto, makopo ya dagaa yenye mbegu ndani. Zilikuwa mbegu nyeusi za ua la kana, ngumu kama risasi za kuwindia ndege. Kila mtoto wa Katanga amewahi kuzitia kwenye kopo kufanya kayamba.

Filimbi ya Ngeleka ilikuwa katika kabati la vielelezo la ofisi ya mashtaka, imefungwa kikaratasi shingoni. Ilikuwa ya shaba, imepigwa alama ya kampuni, na ndani ilikuwa tupu. Utupu huo ndio uliokuwa nguzo ya kesi: mshtakiwa alitoa punje ili filimbi isilie. Substitut alisema hivyo, hakimu akaitikia kwa kichwa, na tangu siku ile hakuna mmoja wao aliyekuwa amejaribu kuipuliza. Wangeipulizaje? Ilikuwa imetoka kinywani mwa mtu mweusi. Kwa ajili ya kinyaa hicho mtu alikuwa akielekea kunyongwa.

Mukalay aliifuta kwa leso, akaitia mdomoni, akapuliza.

Ililia. Sauti moja, ndefu, nyororo. Karani wa chumba cha pili aliangusha muhuri.

Akaigeuza chini ya taa. Mdomo wake ulikuwa wazi zaidi upande mmoja, na chini yake palikuwa na alama za meno. Mwanzoni alidhani ni meno ya Ngeleka. Lakini meno ya mtu hayakai kwenye mstari ulionyooka namna ile. Lilikuwa koleo, na katikati ya mstari palikuwa na pengo, jino moja halikuacha alama.

Aliondoka na filimbi bila kuomba ruhusa. Substitut angekasirika, na akasirike.

Shimo la Musonoi lilishuka ngazi kwa ngazi, jekundu na kijani, na chini kabisa watu walikuwa wakisafisha barabara ya malori kwa majembe. Mukalay alimtafuta kwanza Barnabé, mwongoza malori, maana hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama siku ile ililia filimbi laini, basi mwenye filimbi laini ni Barnabé. Na kama Barnabé ndiye aliyewapeleka watu ukutani wakati baruti inangoja, basi Parquet, ile ofisi ya mashtaka, ilimfunga mtu asiye na hatia.

"Uliniuliza siku ile," Barnabé alisema. Alikuwa mrefu, na filimbi yake ilining'inia kwenye kifungo. "Hapana weye, ule mwenzako. Aliniuliza kama nilisikia firimbi ya baruti. Nikasema hapana. Imeisha."

"Mi nauliza kingine. Ulisikia nini?"

"Weye mutu wa kwetu, Tata Mukalay. Juu ya nini unasumbuka na Mukasai?"

"Jibu."

Barnabé alitazama majembe yakipanda na kushuka. Wanaume wawili watatu walikuwa wamesogea karibu, na hakuna aliyetabasamu.

"Tulisikia firimbi ya malori," mmoja wao alisema kutoka nyuma. "Njo vile. Tukaenda ku ukuta, kama siku zote."

"Nyamaza," Barnabé alisema.

"Ninyamaze juu ya nini? Tulisikia bote. Mara mbili. Kabongo alikuwa karibu na kona, akakimbilia pale. Kumbe baruti ilikuwa pale nyuma ya kona."

"Na mulimwambia nani?" Mukalay aliuliza.

"Hakuna mutu alituuliza."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mwenzake alikuwa ameuliza swali moja kwa watu wote, na watu wote wakalijibu kwa uaminifu. Walipoulizwa juu ya mlango, hawakutaja dirisha. Tena waliyeulizwa habari zake alikuwa Mkasai, na hakuna aliyeona haja ya kumfanyia kazi ya ziada.

Mukalay alimgeukia Barnabé. "Basi ulipiga firimbi."

"Bongo!" Barnabé alirudi nyuma hatua moja. "Mi sikupiga! Malori yote ilisimamishwa juu ya baruti, nipige firimbi ya nini? Nilikuwa ku kantini na mashofere. Baulize!"

"Batu hawa bote walisikia firimbi yako."

"Haikuwa yangu!"

Sasa wenzake walikuwa wakimtazama yeye. Yule aliyesema kutoka nyuma alishika jembe lake kwa mikono miwili. "Barnabé," alisema polepole, "kama ni weye uliua Kabongo, na sisi tukamwachia Mukasai..."

"Nawaapia! Ku kaburi ya baba yangu!"

Wangempiga. Mukalay aliona mabega yanavyokazwa, akajua kwamba asipofanya haraka atakuwa na maiti wa pili katika faili lilelile.

"Rudini ku kazi," aliamuru. "Barnabé, simama apa, mbele ya macho ya batu bote. Toa firimbi yako. Ishike mu mukono, juu. Usiishushe."

Kisha akazunguka nyuma ya mashine ya kuchimbia iliyoharibika, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Alingoja mpaka majembe yakaanza tena kulia kwenye mawe. Akaitia filimbi ya Ngeleka mdomoni, akapuliza mara mbili.

Hakuna aliyetazama. Hakuna aliyeuliza. Majembe yalinyamaza, na mstari mzima wa wanaume ukatoka barabarani, ukaenda ukabandika migongo kwenye ukuta wa shimo, kama walivyofundishwa na kama walivyofanya kila siku ya Mungu. Waliobaki barabarani walikuwa Barnabé na mkono wake hewani, filimbi yake ikimeremeta juani.

Walikaa hivyo muda, wakingoja lori. Lori halikuja. Kisha mmoja mmoja wakaanza kumwona Barnabé, na mkono wake, na kuelewa.

"Nani alipiga?" mtu aliuliza kwa sauti ndogo.

Mukalay alijitokeza, akaonyesha filimbi yenye kikaratasi shingoni. "Ngeleka," alisema. "Iyi ni ya Ngeleka. Ndiyo mulisikia."

Mzungu msimamizi wa shimo alikuwa ameshaanza kupiga kelele kutoka juu, akitaka kujua ni mjinga gani amesimamisha kazi. Mukalay alimwinulia kofia, akapanda ngazi, akampita.

Ghala la mgodi lilikuwa jengo la bati lenye mlango mmoja, na mbele yake palikuwa na bustani ndogo iliyotunzwa vizuri kuliko nyumba nyingi za watu. Ilikuwa na mstari wa kana, maua mekundu, majani mapana. Baadhi ya maua yalikuwa yamekwisha kukauka. Mukalay aliinama, akavunja ganda moja, mbegu nyeusi zikamwagika kiganjani.

"Karibu, Tata Mukalay!" Kisimba alimwita kutoka ndani. Alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba mkononi, juu ya kiwiko, na filimbi ya refa shingoni. Mbele yake, juu ya kaunta, palikuwa na kufuli mpya, bado ina mafuta ya kiwandani. "Alikufa?"

"Nani?"

"Mukasai wenu."

"Bado. Atakula lelo."

"Ale mbio." Kisimba aliitoa filimbi shingoni, akaanza kuizungusha kamba kwenye kidole. "Mangaribi nafunga nyumba yake. Muke yake anaweza kurudi kwao na miguu, mi sina neno."

Mukalay aliegemea kaunta. "Nani alifundisha Kabongo kazi ya carrière?"

Uso wa Kisimba ulibadilika, ukalainika kidogo. Alimpenda ndugu yake. Hilo halikuwa la kushindania. "Mi. Nani mwingine? Siku ya kwanza nilimushika mukono. Nikamwambia, firimbi ikitetemeka, kimbia mbali. Ikilia laini, kimbia ku ukuta, usiangarie nyuma, lori haina macho. Na alikuwa anasikia. Mudogo wangu alikuwa na heshima."

"Ngeleka alirudisha firimbi yake apa. Ulimupa mupya?"

"Nilimupa."

"Na iyo ya mukono yako?"

"Ya kuamulia mpira. Kila mutu anajua mi niko arbitre."

"Nipe."

Kisimba alisita, akampa. Ilikuwa ya shaba, ina alama ya kampuni, mdomo wake haujaguswa na chuma. Mukalay aliipuliza. Ilitetemeka vizuri sana, ikajaza ghala lote.

"Iyi njo mupya," alisema. Akatoa ile ya Ngeleka, akaiweka kando yake. "Na iyi ni ya zamani. Ulifungua mudomo yake na bisibisi, ukaingiza punje, ukafunga na koleo, ukasugua ingae. Nipe koleo yako."

"Koleo gani?"

"Ile inatundikwa nyuma yako."

Kisimba hakusogea. Mukalay alizunguka kaunta, akaitoa mwenyewe msumarini, akaifungua kinywa. Jino moja la katikati lilikuwa limevunjika. Akaibana kidogo chini ya mdomo wa filimbi, na alama zikaingia kwenye alama, pengo kwenye pengo.

"Na kama nilitengeneza?" Kisimba alipaza sauti. "Iko kosa? Ililia! Wiki nzima ililia muzuri! Ule Mukasai anataka mupya juu ya nini? Banakamata bukarani, banakamata bumeya, banakamata manyumba ya kampuni, na firimbi pia? Mechi ya Jumapili ilikuwa inakuya, na mi nipige na kitu ya kuharibika mbele ya batu? Hapana! Mupya ni yangu, ya zamani ni yake!"

"Uliweka punje gani?"

"Mbegu ya maua. Ni nguvu kuliko ya kiwanda."

Mukalay alichukua mbegu moja kiganjani mwake, akaisukuma kwa kucha ndani ya mdomo uliokuwa wazi. Akapuliza. Filimbi ilitetemeka.

"Unasikia?" Kisimba alisema, kwa ushindi kabisa. "Inalia!"

Mpelelezi aliigeuza filimbi mdomo chini, akaigonga mara moja. Mbegu ilitoka palepale ilipoingilia, ikadunda kwenye kaunta, ikaviringika mpaka ikasimama kwenye kufuli. Akaipuliza tena, tupu. Sauti ndefu, nyororo.

Kisha akatoa kichupa, akakiweka mbele ya Kisimba.

"Na iyi?"

"Ni mbegu ileile. Umeitoa wapi?"

"Daktari aliitoa. Mu pafu ya Ngeleka."

Kisimba alicheka kwa nguvu, akapiga kaunta kwa kiganja. "Mungu anajua kazi! Mbegu yangu inamuua Mukasai!"

"Haimuui. Imekwisha kutoka." Mukalay alisema pole pole, maana alitaka kila neno lifike. "Alivuta pumuzi nguvu yote, ili apigie batu. Mbegu ikapita kwa mudomo uliouacha wazi, ikashuka mu kifua. Akakohoa. Kisha akapiga, mara mbili, na hakujua kitu. Firimbi ikalia bila punje."

Kiganja cha Kisimba kilibaki juu ya kaunta.

"Laini," alisema.

"Laini."

"Kama ya malori."

"Batu bakaenda ku ukuta. Niliwajaribu lelo. Banaenda bila kuangaria."

Nje mtu alipita akiimba, akanyamaza alipofika mlangoni, akaendelea na njia yake. Kisimba aliitazama mbegu kichupani.

"Na Kabongo?"

Mukalay angeweza kulipamba jibu. Alikumbuka kufuli ikionyeshwa kwa watoto, hakulipamba.

"Kabongo alikimbia mbele ya bote. Hakuangaria nyuma."

Mtunza ghala alikaa juu ya sanduku la misumari, pole pole, kama mzee. Alikivua kile kitambaa cheusi mkononi, akakishika mapajani kana kwamba amekiazima na sasa mwenyewe anakitaka. Haikuwa sura nzuri kuitazama, lakini Mukalay hakugeuza uso pembeni.

"Mama yetu," Kisimba alisema. "Kila asubui anamulaani Ngeleka. Anapiga magoti mbele ya nyumba, anamulaani na jina yake." Aliinua macho. "Tata Mukalay. Mama asijue."

"Atajua ku tribinali, pamoja na batu bote."

"Nakuomba. Mutu wa kwetu."

"Na batoto ya Mbelu? Ulibaonyesha nini?"

Mukalay alizifunga filimbi zote mbili na koleo ndani ya leso, akatia kichupa mfukoni, akamshika mkono juu ya kiwiko, pale kitambaa kilipokuwa, akamtoa nje. Ghala lilikuwa sasa ni kielelezo. Lilipaswa kufungwa kabla mtu hajaingia kusugua meno ya koleo nyingine ili ifanane na hii. Alitazama huku na huku akitafuta cha kufungia, kisha akarudi ndani, akachukua kufuli iliyokuwa juu ya kaunta.

"Iyo ni ya nyumba ya Ngeleka," Kisimba alisema kwa sauti isiyo na nguvu.

"Nyumba ya Ngeleka iko na batu ndani."

Akaibana kwenye pete za mlango wa bati. Ilikuwa kufuli nzuri, mpya kabisa, na ilijifunga bila kulazimishwa.